KULIMA VANILA KANDO YA NYUMBA

Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye shamba dogo: mwenye kibanja cha migomba na kahawa kule Bukoba, mwenye kihamba mlimani Kilimanjaro, mwenye shamba la viungo Unguja, au mwenye bustani ya nyumbani mahali pengine popote palipo na joto, mvua ya kutosha na kivuli. Hazikuandikwa kwa mtu atakaye kufyeka ekari kumi na kuajiri vibarua. Mtu huyo na alime mahindi.

Watu wengi wamesikia ya kuwa vanila huuzwa kwa bei kubwa, nao huja kwa Bwana Shamba kuomba mbegu. Mimi huwauliza neno moja kwanza: “Je, utakuwapo nyumbani kila siku asubuhi, wakati wa maua?” Wengine hucheka, wakidhani nafanya mzaha. Lakini hilo ndilo swali lenyewe. Mazao mengine hutaka nguvu ya jembe. Vanila hutaka macho, vidole, na mwenyewe awepo. Asiyeweza kuwapo atapata majani mazuri na maua mazuri, wala hatapata hata ganda moja la kuuza.

1. MMEA HUU NI WA NAMNA GANI

Mvanila ni mmea utambaao na kupanda juu ya miti. Watu wengine wa pwani huita zao lake lavani. Kwao kwa asili ni misitu ya Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Watotonaki, wenyeji wa pwani ya mashariki ya Meksiko, waliyajua manukato yake kabla Wahispania hawajafika huko katika karne ya 16. Kwa sasa sehemu kubwa ya vanila ya dunia hutoka kisiwa cha Madagaska. Nayo hulimwa pia Komoro, Uganda, Tanzania, Indonesia na nchi nyingine.

Rando lake ni nene kama kidole, rangi ya kijani, lenye maji mengi ndani. Kwenye kila kifundo hutoka jani moja nene, na upande wa pili hutoka mzizi wa hewani ambao hushika mti. Mizizi ya chini haiendi mbali ndani ya ardhi. Hukaa juu juu, katika majani yaliyooza. Kumbuka jambo hili, maana kazi nyingi za kumtunza mvanila zatokana nalo.

Utomvu wa rando huwasha ngozi ya watu wengi. Ukikata marando, jihadhari usijipanguse macho, na unawe mikono umalizapo kazi.

2. MAHALI PA KUPANDA

Mvanila hupenda joto la kadiri na hewa yenye unyevu. Hustawi tangu pwani hata kufika futi 4,000 na kitu juu ya bahari. Hutaka mvua ya inchi 60 hadi 100 kwa mwaka. Tena hutaka kiangazi kifupi, yapata miezi miwili, ili mmea upumzike na kuweka maua. Mahali pasipo na kiangazi hata kidogo, rando huzidi kurefuka, wala halichanui vizuri.

Udongo uwe mlaini, wenye mboji nyingi, usiotuamisha maji. Mteremko mdogo ni mwema. Bondeni penye maji hapafai hata kidogo, kwa kuwa mizizi itaoza.

Jua kali huunguza majani yakawa ya manjano, na kivuli kizito hufanya rando liwe jembamba bila maua. Bora ni nusu kwa nusu: ukisimama chini ya miti mchana, uone chini madoa ya jua na madoa ya kivuli, yamechanganyika sawasawa. Ndiyo sababu shamba la nyumbani lenye migomba limekuwa mahali pazuri pa mmea huu. Using'oe mgomba wala mbuni ili upande vanila. Panda katika nafasi zilizopo. Mgomba utakulisha mwaka ambao bei ya vanila imeanguka, na mwaka huo huja, kama nitakavyoeleza mbele.

3. MTI WA KUEGEMEA

Kila mvanila hutaka mti wake wa kuegemea, ulio hai, wenye majani madogo, na wenye gome ambalo halibanduki. Katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria wakulima wengi hutumia mbono kaburi. Mti huu humea upesi kwa kijiti, huvumilia kukatwa matawi, na kivuli chake ni chepesi. Lakini mbegu zake ni sumu: waonye watoto wasizile, na kama wapo watoto wadogo sana nyumbani, chagua mti mwingine.

Kata vijiti vyenye urefu wa futi 5 au 6, unene wa mkono wa mtoto, uvisimike mwanzoni mwa mvua. Kati ya kijiti na kijiti pawe na futi 4 au 5, na kati ya mstari na mstari futi 8, ili uweze kupita na kufikia kila mmea bila kuukanyaga. Usipande mvanila siku hiyo hiyo. Ungoje miezi sita au zaidi hata miti iwe imeshika ardhi na kutoa majani. Mkulima asiye na subira hupanda vyote pamoja, na rando humlemea mti mchanga vikaanguka wote wawili.

Usisimike karibu mno na shina la mgomba. Mgomba ukiangushwa na upepo utavunja kazi ya miaka mitatu kwa dakika moja.

4. KUPANDA RANDO

Mvanila haupandwi kwa mbegu bali kwa kipande cha rando. Chagua rando nono kutoka mmea wenye afya, ambao hauna doa jeusi wala kahawia. Usimkubalie mtu akupe rando la mmea uliooza, hata akikupa bure. Ugonjwa husafiri pamoja na zawadi hiyo. Kata kipande cha futi 3 au 4.

Kisha fanya hivi:

(a) Ondoa majani matatu au manne ya upande wa chini.

(b) Kitundike kipande kivulini, penye hewa, kwa muda wa juma moja. Kitalegea kidogo na jeraha litakauka. Usiogope, rando lina maji ya kutosha. Likipandwa likiwa bichi mara tu baada ya kukatwa, huoza upesi.

(c) Chini ya mti wa kuegemea, laza vile vifundo visivyo na majani juu ya udongo uliolainishwa, ukavifunike kwa udongo kidogo na majani makavu. Usizike kwa kina. Ncha iliyokatwa na ibaki nje ya udongo.

(d) Sehemu iliyobaki ifunge mtini kwa ukamba wa mgomba, taratibu, usiibane.

(e) Tandaza majani makavu, nyasi au maganda ya kahawa kuzunguka shina, unene wa inchi 4.

5. KUTUNZA

Usitie jembe karibu na mvanila. Nalisema tena, maana mazoea ya mkono ni magumu kuacha: usitie jembe. Mizizi i juu juu, na pigo moja hukata nusu ya kinywa cha mmea. Magugu yang'olewe kwa mkono. Matandazo yaongezwe kila yapunguapo, kwa kuwa ndiyo chakula cha mmea na ndiyo yanayoshika unyevu.

Adui wa kwanza wa shamba la nyumbani si mdudu bali ni kuku. Kuku hupekua matandazo wakitafuta wadudu, na kwa siku moja huiacha mizizi wazi juani. Wafungie kuku, au uzungushie shina vijiti na miiba.

Rando likiachwa hupanda hata juu ya mti, mahali ambapo hutaweza kulifikia ua. Kwa hiyo, likifika urefu wa kichwa cha mtu, lipitishe juu ya panda la tawi, ulishushe tena polepole lining'inie. Likigusa chini, funika kifundo kimoja au viwili kwa matandazo. Patatoka mizizi mipya, na mmea utapata nguvu. Kisha uuelekeze juu tena. Sehemu ile iliyopinda na kuning'inia ndiyo itakayotoa maua mengi.

Kabla ya kiangazi, ncha za marando yaliyoning'inia zikatwe, inchi 4 hivi, na matawi ya mti wa kuegemea yapunguzwe ili mwanga uingie. Mmea ukikosa njia ya kurefuka, hugeuza nguvu zake kuwa maua. Mmea uliotunzwa vizuri huanza kuchanua katika mwaka wa tatu. Katika nchi zenye misimu miwili ya mvua, kama Uganda, maua huweza kuja mara mbili kwa mwaka.

6. UA NA ASUBUHI YAKE

Maua huja katika vishada, navyo hutoka penye makwapa ya majani. Kila kishada kina matumba 15 hadi 20, na matumba hayachanui yote pamoja. Huchanua moja leo, jingine kesho, mara nyingine mawili kwa siku moja. Ua ni la rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, laini sana. Hufunguka alfajiri, kufika adhuhuri limeanza kulegea, jioni limekwisha. Halifunguki tena.

Ndani ya ua, unga wa kiume na mdomo wa kike vyakaa karibu sana, lakini kati yao pana utando mwembamba kama ulimi, uliovitenga. Upepo hauwezi kuuinua utando ule, wala nyuki wetu hawana desturi ya kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo huku kwetu ua lisiloguswa na mkono wa mtu huanguka, karibu kila moja.

Jambo hili liliwashinda watu kwa miaka mingi. Wafaransa waliuchukua mmea huu hata kisiwa cha Bourbon, kiitwacho sasa Réunion, katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Ulimea, ukapanda miti, lakini haukuzaa. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea, Charles Morren, alifaulu kuuzalisha kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, ila njia yake haikuwafaa wakulima. Ndipo mwaka 1841, katika kisiwa kile cha Bourbon, kijana mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, alipogundua ya kuwa kijiti chembamba na kidole gumba vyatosha. Bwana wake aliona maganda mtini, akamwuliza, naye akamwonyesha. Mashamba mengine yakamwita awafundishe watu wao. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848, alipata uhuru, na jina la ukoo la Albius. Walikuwapo waliotaka kumnyang'anya sifa ya kazi yake, wakisema mtoto mtumwa hangeweza kuvumbua jambo kama hilo. Kisiwa kilitajirika, yeye alikufa maskini mwaka 1880. Njia utakayosoma hapa chini ndiyo yake, nayo hutumika hata leo katika nchi zote zilimazo vanila.

7. KUCHAVUSHA

Kuchavusha maana yake ni kutia unga wa kiume juu ya mdomo wa kike. Tafuta mwiba wa mchungwa au wa mlimau, au kijiti kilichochongwa kama cha kuchokolea meno. Ncha isiwe kali mno, isije ikatoboa.

(a) Shika ua kwa mkono wa kushoto, mgongo wake ulalie vidole, uso wake ukuelekee wewe.

(b) Ndani ya ua pana jani moja lililojikunja, kama jani la kuchotea maji ya kunywa. Lichane kwa kijiti upande mmoja, hata uione nguzo ndogo iliyo ndani.

(c) Penye ncha ya nguzo utaona unga wa manjano, unaonata. Chini yake ni ule utando. Nyuma ya utando ndipo palipo mdomo wa kike.

(d) Ingiza ncha ya kijiti chini ya utando, uuinue juu.

(e) Kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, bonyeza unga taratibu, ushuke na kunata penye mdomo wa kike. Toa kijiti. Kazi imekwisha.

Anayejifunza huharibu maua kumi ya kwanza, asihuzunike. Baada ya siku chache hufanya ua moja kwa muda wa pumzi mbili, na fundi aweza kumaliza maua 1,000 kwa asubuhi moja. Kina mama na vijana, wenye vidole vyepesi, hujifunza upesi kuliko sisi wazee wa jembe. Wafundishe wote wa nyumbani, si mmoja tu. Ukiugua siku tatu wakati wa maua na hakuna mwingine ajuaye, siku tatu hizo zimepotea.

Anza kazi umande unapokauka, umalize kabla ya saa sita mchana. Pita kila siku katika mimea yote. Ua lililokubali hunyauka bila kuanguka. Baada ya siku mbili au tatu ukiligusa laendelea kushika. Lililokataa huanguka lenyewe.

8. USICHAVUSHE MAUA YOTE

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe, ili lisiwe lako.

Mwaka mivanila yangu ilipochanua mara ya kwanza, nilikuwa na mmea mmoja karibu na jiko, mnene kuliko yote, ukipata maji ya kuoshea vyombo. Ulitoa vishada kumi na vitano. Nami kwa furaha nilichavusha kila ua lililofunguka, nikahesabu maganda kuliko 200, nikaita majirani waje waone. Mzee mmoja, jirani yangu, akatazama, akasema, “Bwana Shamba, mbuzi mmoja hanyonyeshi wana ishirini.” Nikacheka. Mwezi wa nne maganda yalikuwa mafupi kama kidole. Mwezi wa sita majani yakawa manjano, mizizi ikaoza, na kabla ya mavuno mmea wote ukafa. Sikupata hata ganda moja. Niliyakuta maneno ya yule mzee kuwa kweli, nikamwendea kumwambia hivyo.

Basi fuata kanuni hii. Katika kila kishada chavusha maua 8, yasizidi 10. Chagua yale yaliyoelekea chini, maana maganda yake huning'inia na kunyooka. Yakisha kushika, kata ncha ya kishada pamoja na matumba yaliyobaki. Katika mmea wenye nguvu acha vishada 8 hadi 10. Mmea mchanga uchanuao mara ya kwanza, vishada 4 au 5 vyatosha. Mmea dhaifu usiuchavushe kabisa mwaka huo.

9. KUNGOJA MIEZI TISA

Baada ya kuchavusha, ganda hukua upesi. Kwa muda wa majuma sita hivi limekwisha kufika urefu wake, inchi 6 hadi 8. Hapo ndipo macho hudanganyika. Ganda la miezi mitatu na ganda la miezi tisa, kwa kuyatazama tu, ni kama ndugu pacha. Lakini ndani si sawa. Harufu nzuri hutengenezwa katika miezi ya mwisho. Ganda lililochumwa changa halina manukato. Likikaushwa huwa jembamba, tena hushikwa na ukungu. Mnunuzi atakayelikuta atalikataa, na mwaka unaofuata hatarudi katika kijiji kizima, hata kwa yule aliyengoja.

Kwa sababu hiyo weka alama. Kila juma la kuchavusha liwe na uzi wa rangi yake: juma la kwanza uzi mwekundu, la pili mweupe, na kadhalika. Funga uzi penye kishada, na uandike tarehe katika daftari. Ukifika mwezi wa tisa, anza kuangalia kila siku ya pili. Ganda lililo tayari hugeuka manjano kidogo penye ncha ya chini. Lichume siku hiyo. Usichume kishada chote kwa pamoja, maana maua hayakuchanua siku moja. Chuma ganda moja moja. Ukichelewa, ganda hupasuka, na thamani yake hupungua.

Mtu atasema, “Nitangojaje, na wezi wapo?” Ni kweli. Wezi wa vanila wapo katika kila nchi iilimayo, na hofu ya wezi ndiyo imefanya wakulima wengi kuchuma mapema. Lakini anayechuma mapema kwa kumwogopa mwizi amejiibia mwenyewe. Yapo mambo yanayosaidia. Huko Madagaska wakulima hutoboa alama ndogo kwa sindano juu ya maganda mabichi, kila mtu alama yake. Kovu hubaki hata ganda likikauka, na mwenye mali hujulikana. Nchini Uganda serikali imepata kutangaza siku ya kuanza kuchuma, ili kabla ya siku hiyo mtu aonekanaye akiuza aulizwe ametoa wapi. Nanyi mwaweza kupatana kijijini: siku moja ya kuanza, na mnunuzi asipokelewe kabla yake. Vanila iliyo karibu na nyumba, ambayo wenyewe huipitia asubuhi na jioni, huibiwa kwa shida kuliko iliyo porini.

10. MAGONJWA

Ugonjwa mbaya kuliko yote ni kuoza mizizi na shina, uletwao na kuvu aishiye udongoni. Mizizi hugeuka kahawia, rando hunyauka na kujikunja, majani huwa manjano. Mmea ukipatwa sana haufai tena. Ung'oe pamoja na mizizi yake, uuchome moto, wala usipande mwingine mahali pale pale. Osha kisu chako kabla ya kugusa mmea mwingine. Kinga yake ni mambo niliyokwisha kuyasema: marando safi, udongo usiotuama maji, matandazo ya kutosha, na kutoulemea mmea kwa maganda.

Konokono na viwavi hula ncha changa na matumba. Waokote kwa mkono asubuhi unapopita kuchavusha.

11. KUUZA, NA BEI

Wakulima wengi huuza maganda mabichi, kwa kuwa kuyatengeneza ni kazi ya ufundi. Hutiwa katika maji ya moto ya digrii 63 hadi 65 kwa dakika mbili au tatu, hufungwa katika mablanketi yatoe jasho, huanikwa juani saa moja au mbili kila siku na kufungwa tena, kisha hukaushwa kivulini kwa majuma mengi, hata yawe meusi na laini. Kilo 5 au 6 za maganda mabichi hutoa kilo 1 ya makavu. Bora wakulima waungane katika chama, wakauze pamoja kwa mtengenezaji mmoja aliye mwaminifu, wakiona mizani kwa macho yao.

Sasa nieleze habari ya bei, maana hapa ndipo watu wengi wameumia. Kwa kuwa vanila nyingi hutoka Madagaska, jambo likitokea kule hutikisa dunia nzima. Mwaka 2000 kimbunga kiitwacho Hudah kiliharibu mashamba ya huko. Bei ikapanda, hata mwaka 2003 na 2004 kilo moja ya vanila kavu ilifika yapata dola 500 za Marekani. Watu wa nchi nyingi wakapanda kwa pupa. Mwaka 2005 bei ikaanguka hata chini ya dola 50, na wakulima wengi wakaitupa mivanila yao. Mwezi wa Machi 2017 kimbunga kingine, Enawo, kikapiga kule kule. Mwaka 2018 bei ikafika dola 600 hivi. Watu wakapanda tena kwa pupa, na kufika mwaka 2023 bei ilikuwa imeanguka tena.

Tena kuna mshindani. Tangu mwaka 1874, Wajerumani walipogundua namna ya kuitengeneza harufu ya vanila kwa dawa, viwanda vina njia nyingine. Bei ya ganda ikipanda mno, wenye viwanda huikimbilia harufu hiyo ya bandia.

Angalia basi: aliyepanda kwa sababu bei ilikuwa juu, mmea wake ulichanua mwaka wa tatu, akachuma mwaka wa nne, na wakati huo bei ilikuwa imekwisha shuka. Aliyeng'oa kwa sababu bei ilikuwa chini, ilipopanda hakuwa na kitu. Aliyefaidi ni yule mwenye mivanila michache kati ya migomba yake, ambaye mwaka mbaya hakuitupa na mwaka mwema hakuiongeza kwa pupa. Hakukopa ili apande, wala hakula njaa akiingoja.

Ukianza, anza na mimea 20 au 30. Mtu mmoja aweza kuipitia yote asubuhi kabla ya kwenda kwenye kazi nyingine. Ukiisha kuvuna mara mbili na kuona ya kuwa mikono yatosha, ongeza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Panda kati ya mazao ya chakula, usiyang'oe.
2. Simika mti wa kuegemea kwanza, rando baadaye.
3. Tumia rando safi, lililotundikwa juma moja.
4. Usitie jembe. Fungia kuku.
5. Wakati wa maua, pita kila asubuhi, umalize kabla ya saa sita.
6. Maua 8 hadi 10 kwa kishada, basi.
7. Funga uzi, andika tarehe, ngoja miezi tisa.
8. Ng'oa na uchome mmea uliooza.
9. Usikope kwa ajili ya vanila, wala usikate tamaa bei ikishuka.

Mkulima ambaye hajapata kuliona ua la vanila likichavushwa na amwendee Bwana Shamba wa tarafa yake, au jirani ajuaye, wakati wa maua, mapema asubuhi. Asiende jioni, hatakuta kitu cha kuonyeshwa.